Bonde lililoachwa peke yake: kisa cha vijito vya Coweeta

Kati ya mwaka 1938 na katikati ya miaka ya 1970, baadhi ya vijito vinavyotoka kwenye msitu wa milimani ambao hakuna aliyekuwa akiukata wala kuulima vilizidi kutoa maji. Kilichoongeza kuliko vingine kilifika asilimia 55. Kisha mambo yakageuka. Kufikia mwaka 2013 maji yalikuwa yameshuka tena, mahali pengine kwa asilimia 22. Hakuna msumeno ulioingia humo, hakuna bwawa lililojengwa juu yake, hakuna kijiji kilichohamia. Na ajabu zaidi, vijito hivyo ndivyo vilivyokuwa vikitumika kama mizani ya kupimia vijito vingine vyote vya jirani.

Nakiandika kisa hiki kwa sababu ni rahisi kukisimulia vibaya. Anayeamini kwamba msitu huleta maji anaweza kukata kipande cha rekodi hii na kukipeperusha kama ushahidi. Anayeamini kwamba msitu hunywa maji anaweza kukata kipande kingine cha rekodi hiyo hiyo na kufanya vivyo hivyo. Wote wawili watakuwa wamenukuu tarakimu za kweli.

Mahali penyewe

Coweeta iko kusini mwa milima ya Appalachia, katika jimbo la North Carolina, Marekani. Idara ya Misitu ya nchi hiyo ilitenga eneo hilo kwa utafiti mwaka 1934, katikati ya mdororo mkuu wa uchumi, na vijana wa kambi za ajira za serikali ndio waliochonga barabara na kujenga vituo vya kwanza vya kupimia. Mtafiti Charles Hursh ndiye aliyekuwa akisukuma wazo lenyewe. Wakati huo ilikuwa kawaida kwa watu wenye vyeo kubishana kama msitu unazuia mafuriko au hauzuii, kila mmoja akiwa na maoni mengi na vipimo vichache.

Bonde kuu lina hekta 1,626, na limegawanyika katika mabonde madogo mengi, kila moja na kijito chake. Chini kabisa ni mita 675 kutoka usawa wa bahari, na juu kabisa ni mita 1,592. Tofauti hiyo ya kimo huonekana kwenye mvua: chini hunyesha takriban milimita 1,800 kwa mwaka, juu hupita milimita 2,300. Mvua haina msimu mkali, hunyesha miezi yote, na theluji ni kidogo sana. Chenye msimu ni miti. Mingi hupukutisha majani wakati wa baridi na kuchipua upya masika, kwa hiyo kiu ya msitu hupanda na kushuka kila mwaka hata mvua isipobadilika.

Kuna sifa moja ya ardhi yake ambayo bila hiyo kisa hiki kisingewezekana. Udongo una kina kirefu, lakini mwamba ulio chini yake haupitishi maji kwa urahisi. Maji hayapotei kwenda chini kusikojulikana. Yakiingia kama mvua yana njia mbili tu za kutokea: kupitia kijito, au kurudi angani. Ukipima mvua, ukapima kijito, ukatoa, kinachobaki kwa mwaka mzima ndicho kilichovukizwa na kunywewa na miti. Ndiyo maana pale mwaka wa maji, yaani mwaka wa kufanyia hesabu hiyo, huanza mwezi Mei badala ya Januari. Mwanzoni mwa Mei udongo huwa umeshiba karibu kwa kiasi kile kile kila mwaka, hivyo hesabu ya mwaka mmoja haichukui deni la mwaka uliopita.

Kizingiti, boya na jani moja

Wasomaji wengi huruka sehemu ya vifaa. Mimi nakaa hapo kwa makusudi, maana nusu ya mabishano kuhusu msitu na maji yangeisha kama watu wangejua jinsi kijito kinavyopimwa.

Kwenye mdomo wa bonde dogo hujengwa kizingiti, yaani ukuta wa zege uliozama hadi kwenye mwamba, ili maji yasipite chini yake. Nyuma ya ukuta hutengenezwa kidimbwi cha kutuliza maji. Katikati ya ukuta kuna bamba la chuma lenye mwanya wa umbo la V, na maji yote ya bonde hulazimika kupita hapo. Pembeni huwa na kisima kidogo kilichounganishwa na kidimbwi kwa bomba, chenye boya ndani yake. Boya likipanda au kushuka, kalamu huchora kwenye karatasi inayozungushwa na saa. Siku hizi kalamu imeachia nafasi vinasa vya kielektroniki, lakini kinachopimwa hakijabadilika: ni kina cha maji juu ya ncha ya chini ya V, basi. Mtiririko wenyewe haupimwi moja kwa moja, unakokotolewa kutokana na kina hicho.

Na ukokotoaji huo una ukali wake. Kwenye mwanya wa V, mtiririko hukua kwa kipeo cha 2.5 cha kina. Kina kikiongezeka mara nne, maji huongezeka mara 32. Hilo ndilo linalofanya V ifae vijito vya milimani: hupima vizuri matone ya wakati wa ukame na hupokea pia dhoruba bila kubadilisha kifaa. Lakini ukali huo huo huadhibu uzembe. Chukua bonde la hekta 12.5, ukubwa wa bonde namba 18 la Coweeta. Likitoa milimita 1,000 za maji kwa mwaka, wastani wake ni kama lita 4 kwa sekunde. Kwenye mwanya wa digrii 90, lita hizo hupita kwa kina cha sentimita 10 hivi. Sasa jani likikwama kwenye ncha na kuinua maji kwa milimita 5 tu, hesabu inakuambia kijito kimeongezeka kwa asilimia 13. Jani moja, asilimia 13. Watu wameandika makala nzima juu ya mabadiliko madogo kuliko hayo.

Kwa hiyo kazi halisi ya ufuatiliaji wa muda mrefu ni ya kuchosha na haina sifa. Ni kwenda kwenye kizingiti, kuondoa majani, kukwangua mwani kwenye bamba, kuchota mchanga uliojaa kwenye kidimbwi, kulinganisha kina kinachosomwa kwa macho na kile kilichoandikwa na kinasa, na wakati maji ni machache kuweka ndoo chini ya mwanya na saa mkononi ili kuona kama mlinganyo bado unasema kweli. Kisha kurudi tena. Ukifanya hivyo kwa miaka mitano una ripoti. Ukifanya kwa miaka 76 una kitu ambacho hakuna fedha inayoweza kukinunua leo, kwa sababu miaka haiuzwi.

Vifaa vikiwa safi, rekodi huanza kuonyesha mambo madogo ya kupendeza. Wakati wa majira ya joto, siku ambazo hakuna mvua, mstari wa kalamu huwa na mawimbi: maji hushuka mchana, miti inapovuta kwa nguvu, na hupanda tena usiku inapopumzika. Tofauti ni ndogo, lakini ipo kila siku. Kijito kinafuata mwendo wa majani.

Kwa nini bonde moja halitoshi

Mwanzoni mwa karne ya 20 Waswisi walipima mabonde mawili katika eneo la Emmental, Sperbelgraben iliyokuwa karibu yote msitu na Rappengraben iliyokuwa na malisho mengi. Ilikuwa hatua kubwa, ila ilikuwa na tundu: mabonde mawili yakitofautiana, huwezi kujua kama tofauti imetokana na miti au na udongo, mteremko na mwamba. Wamarekani wa Wagon Wheel Gap, Colorado, waliliziba tundu hilo. Kuanzia mwaka 1910 walipima mabonde mawili yote yakiwa na msitu, wakajua kila moja linavyofuatana na mwenzake, ndipo mwaka 1919 wakakata miti ya moja na kuliacha la pili. Wakaendelea kupima hadi 1926.

Coweeta iliichukua mbinu hiyo na kuifanya kazi ya maisha. Unachagua mabonde mawili. Unayapima yote kwa miaka kadhaa bila kugusa kitu, hadi upate mlinganyo: kijito A kikitoa kiasi hiki, kijito B hutoa kiasi kile. Kisha unakata B, au unalilima, au unabadilisha aina ya miti. A linaachwa peke yake, na kuanzia hapo linafanya kazi ya kukuambia B lingetoa maji kiasi gani mwaka huu kama usingeligusa. Tofauti kati ya kilichotabiriwa na kilichopimwa ndiyo matokeo ya jaribio.

Matokeo yalikuwa makubwa. Bonde namba 13 lilipofyekwa mwaka 1940 miti ikaachwa ichipue, mwaka wa kwanza kijito kiliongeza takriban milimita 360, kisha ziada ikapungua kadiri msitu ulivyorudi. Likafyekwa tena mwaka 1962. Bonde namba 17 lilifyekwa pia, machipukizi yake yakawa yanakatwa karibu kila mwaka hadi 1955, na mwaka 1956 likapandwa misonobari ya Pinus strobus. Bonde namba 1 likafuata mwaka mmoja baadaye. Mwaka 1974 Wayne Swank na James Douglass walitangaza kilichotokea kwenye mabonde hayo mawili ya misonobari: miaka 15 baada ya ubadilishaji, maji ya kijito yalikuwa yamepungua kwa karibu sentimita 20 kwa mwaka, yaani asilimia 20 chini ya yale yaliyotarajiwa kama miti ya asili ingebaki. Upungufu ulionekana kila mwezi, mkubwa zaidi wakati wa baridi na mwanzoni mwa masika, kwa sababu msonobari haupukutishi majani. Unashika mvua na kuirudisha angani wakati jirani zake wako uchi.

Mwaka 1967 Alden Hibbert alikusanya majaribio 39 ya namna hii kutoka sehemu mbalimbali za dunia, na mwaka 1982 Bosch na Hewlett wakafikisha 94. Picha ya jumla ilikuwa moja: ukipunguza msitu maji ya kijito huongezeka, ukiongeza msitu hupungua, ingawa kiasi hutofautiana sana. Mbinu hiyo ilifika pia Afrika Mashariki, huko Kericho, Kimakia na Mbeya, mwishoni mwa miaka ya 1950, chini ya uongozi wa H. C. Pereira: Kericho msitu ukawa chai, Kimakia mianzi ikawa misonobari, Mbeya msitu ukalinganishwa na mashamba ya mteremkoni. Kufikia katikati ya miaka ya 1970 majaribio hayo yalikuwa yameisha. Kumbuka muda huo, tutaurudia.

Ukiangalia kwa makini, hukumu zote hizi zinasimama juu ya bonde A. Tunalibebesha bonde A kazi nzito sana, ya kusimama badala ya kitu ambacho hakikutokea, na mara nyingi hatulitazami lenyewe.

Mizani inapotembea

Kikundi cha watafiti kikiongozwa na Peter Caldwell kililitazama. Makala yao ya mwaka 2016 ilichukua mabonde sita ya Coweeta yasiyosimamiwa, yale ya kulinganishia, pamoja na rekodi ya miaka 76 ya maji na hali ya hewa, na vipimo vya miti vilivyorudiwa kwa vipindi katika vipande maalumu vya msitu. Swali lilikuwa rahisi mno hata mtu anaona haya kuliuliza: je, haya mabonde ambayo hayajabadilika, hayajabadilika kweli?

Yalikuwa yamebadilika, kwa namna niliyoieleza mwanzoni. Maji yalipanda hadi katikati ya miaka ya 1970, kisha yakashuka. Na kiasi kinachorudi angani kilikwenda kinyume chake kama mtu na kivuli chake: kilipungua hadi kwa asilimia 31 katika kipindi cha kwanza, kisha kikaongezeka hadi kwa asilimia 29.

Washukiwa ni watatu. Wa kwanza ni kifaa, na baada ya yale niliyosema kuhusu jani moja lazima aulizwe kwanza. Lakini haelekei kuwa yeye. Kizingiti kinachovuja hupoteza maji, na kidimbwi kilichojaa mchanga huharibu usomaji, lakini ni vigumu kuona jinsi kasoro hizo zingepandisha mstari kwa miaka zaidi ya 30 kisha zikaushusha kwa miaka karibu 40. Tena hapa kuna mabonde sita yenye vizingiti sita tofauti, na ushahidi wa miti, ambao hauhusiani na boya wala bomba, unasema jambo lile lile.

Wa pili ni hali ya hewa, na huyu ana hatia kiasi. Rekodi za Coweeta zinaonyesha joto likipanda tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 kwa karibu nusu digrii kila muongo. Ukame mkali umekuwa ukirudi mara nyingi zaidi, na tofauti kati ya miaka ya mvua na miaka mikavu imekuwa pana. Hewa yenye joto ina kiu zaidi. Hata hivyo watafiti walipoiondoa hali ya hewa kwenye hesabu, sehemu ya mabadiliko ilibaki bila mwenyewe. Tangu katikati ya miaka ya 1970, mabadiliko ya msitu peke yake huenda yamepunguza maji kwa kiasi cha hadi asilimia 18 katika mwaka mmoja.

Kwa hiyo wa tatu ni msitu wenyewe. Hapa inabidi turudi nyuma ya mwaka 1934.

Msitu uliotengwa mwaka huo haukuwa msitu wa kale uliotulia. Wapasuaji mbao walikuwa wamepita humo kabla ya katikati ya miaka ya 1920. Na kulikuwa na ugonjwa. Mchestinati wa Marekani, Castanea dentata, ulikuwa mti mkuu wa milima hiyo. Kuvu lililoingia kutoka Asia liligunduliwa New York mwaka 1904, likashuka na milima mwaka baada ya mwaka, na wakati vizingiti vya kwanza vinajengwa Coweeta michestinati ilikuwa inakufa imesimama. Kwa maneno mengine, siku ya kwanza ya rekodi ilikuwa siku ya katikati ya msiba. Mti mkubwa ukifa, kiu yake hufa nao. Vipimo vya mashina vinaonyesha jumla ya eneo la mikato ya mashina katika mabonde hayo ikipungua hadi katikati ya miaka ya 1970, kipindi kile kile vijito vilipokuwa vikinenepa.

Baada ya hapo msitu ulianza kujijaza upya, lakini haukujijaza kwa miti ile ile. Mialoni na mihikori, miti inayostahimili ukavu, ilipungua uzito wake. Walioingia ni miti inayopenda unyevu, kama Acer rubrum na Liriodendron tulipifera. Sababu zinazotajwa ni kadhaa, na moja kubwa ni kuzuiwa kwa moto: mialoni huvumilia moto mdogo wa chini kuliko washindani wake, na moto usipokuja washindani hushinda kivulini. Ukame wa 1985 hadi 1988 uliwaua mialoni wengine, na mwezi Oktoba 1995 upepo wa kimbunga Opal ukaangusha miti na kufungua matundu msituni. Vyote hivyo vilitokea kwenye bonde ambalo kwenye daftari limeandikwa halikuguswa.

Kwa nini aina ya mti iwe na uzito hivyo? Jibu liko ndani ya shina. Mwaloni hupandisha maji kwa mishipa mipana iliyojipanga kwenye pete ya nje kabisa ya mti, na sehemu kubwa ya shina lake haina kazi hiyo tena. Liriodendron na Acer wana mishipa midogo iliyosambaa katika pete nyingi, hivyo sehemu hai inayopitisha maji ni nene zaidi. Weka miti miwili yenye unene sawa, siku ile ile, jua lile lile: Liriodendron atapandisha maji mara kadhaa kuliko mwaloni. Ukiruka juu ya Coweeta kwa ndege unaona kijani kile kile cha mwaka 1938. Ukitazama kijito, unaona msitu mwingine.

Rekodi fupi ingesema nini

Hapa ndipo kisa kinaponigusa zaidi. Tuseme fedha ziliisha mwaka 1970, jambo ambalo lingeweza kutokea kwa urahisi. Tungekuwa na zaidi ya miaka 30 ya vipimo safi, muda ambao wengi wangeuita mrefu kupindukia, na hitimisho lingekuwa kwamba msitu ukiachwa peke yake vijito vyake huongezeka maji. Tuseme badala yake vipimo vilianza mwaka 1975 na kufika 2013. Tungekuwa na karibu miaka 40, na hitimisho lingekuwa kwamba msitu ukiachwa peke yake vijito vyake hukauka. Takwimu zote mbili zingekuwa sahihi na kila moja ingetetewa kwa majedwali. Ni ukurasa mmoja uliochanwa katikati.

Majaribio ya Kericho, Kimakia na Mbeya yalidumu kama muongo mmoja na nusu, au pungufu ya hapo. Yalijibu vizuri maswali yaliyoulizwa, hasa ya miaka ya mwanzo baada ya kubadilisha matumizi ya ardhi. Lakini ukiyaweka kwenye saa ya Coweeta, muda wote ule haufiki hata nusu ya kona moja ya mstari. Yeyote anayeyanukuu leo kueleza msitu wa milimani utafanya nini katika miaka 50 anayabebesha mzigo ambao hayakuundwa kuubeba.

Na majaribio ya Coweeta yenyewe je? Bonde A limetembea, basi je, asilimia 20 ya misonobari ni batili? Nimeona watu wakirukia jibu hilo, na naliona la haraka mno. Bonde A halikuwekwa kuwakilisha mwaka 1934. Kazi yake ni kuonyesha bonde B lingekuwaje leo bila kuguswa, na bonde B bila kuguswa nalo lingepoteza michestinati yake, lingezuiwa moto, lingejaa Acer. Maadamu mabonde mawili yangebadilika kwa mwendo mmoja, ulinganisho unasimama. Tena matokeo ya mwaka 1974 yalitokana na miaka 15 tu baada ya kupanda, kabla mlinganyo haujazeeka sana.

Tatizo halisi liko kwenye maneno "kwa mwendo mmoja". Mabonde mawili yaliyopakana yanaweza kuwa na miti ya aina tofauti kidogo, moja likitazama jua na jingine likiwa kivulini, moja likiwa na michestinati mingi na jingine michache. Katika miaka mitano ya mlinganyo tofauti hiyo haionekani. Katika miaka 60 inaweza kukua hadi ikafanana na matokeo ya jaribio. Na kuna kosa jingine la lugha ambalo wengi hulifanya: kusema bonde lililofyekwa "limerudi hali yake ya awali" pindi tofauti na bonde A inapofika sifuri. Hali ya awali haiko tena. Kilichotokea ni kwamba mabonde mawili yamekutana njiani, na njia yenyewe imekwenda mbali na pale ilipoanzia.

Ningekuwa na mamlaka juu ya kituo chochote kipya cha vyanzo vya maji vya milimani, kitu cha kwanza ningekitaka kandokando ya kizingiti ni vipande vya msitu vyenye miti iliyohesabiwa na kupimwa unene, mmoja mmoja, kwa jina la aina yake, na kurudiwa kila miaka kadhaa. Ni kazi nafuu ukilinganisha na zege na vinasa. Bila vipande hivyo watafiti wa 2016 wangekuwa na mstari uliopinda na wangebaki kubashiri. Cha pili ningetaka mabonde ya kulinganishia yawe zaidi ya moja, kwani ni sita yaliyosema pamoja ndiyo yaliyomwondolea kifaa shaka.

Coweeta bado inapimwa, na msitu bado haujatulia. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mdudu mdogo mweupe kama pamba, Adelges tsugae, alifika na kuanza kuua mihemloki, Tsuga canadensis, inayokua kando ya vijito. Mhemloki hubaki na majani mwaka mzima. Chelsea Ford na James Vose walikadiria kwamba kifo chake kingepunguza maji yanayovutwa na miti ya kando ya kijito kwa takriban asilimia 10 kwa mwaka, lakini wakati wa baridi na masika kwa takriban asilimia 30. Nafasi yake inawaniwa na vichaka vya rododendroni visivyopukutisha majani na miti mingine inayopenda unyevu, ambayo kila mmoja una kiu yake na msimu wake. Baadhi ya mihemloki hiyo ilikufa ndani ya mabonde ya kulinganishia.